Diski Ipo, Kisakinishi Hakiioni

Kila fundi aliyewahi kupiga Windows au Linux kwenye mashine yenye diski mbili anaijua hali hii. Ukiingia kwenye bayosi, diski zote mbili zimeorodheshwa, majina na ukubwa wake sawasawa. Ukifungua menyu ya RAID ya madabodi, kundi limeshaundwa na hali yake imeandikwa kwa rangi ya kijani kuwa ni shwari. Unaanzisha usakinishaji kutoka kwenye flashi, unachagua lugha, unakubali masharti, unafika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, na ukurasa ni mtupu. Au, ikiwa ni Linux, diski ziko mbili zimetengana kana kwamba hakuna aliyewahi kuziunganisha. Kinachofuata kwa kawaida ni fujo: kebo zinachomolewa na kuchomekwa, flashi inaandikwa upya, diski inalaumiwa, madabodi inalaumiwa, na mwisho mteja anaambiwa kwamba mashine yake ina matatizo. Ninachoshikilia hapa ni kwamba mara nyingi hakuna kilichoharibika hata kidogo. RAID ya madabodi ni makubaliano kati ya programu kadhaa zinazopokezana kazi ya kusoma diski, tangu unapobonyeza swichi hadi mfumo endeshi unaposimama. Karibu kila tatizo la usakinishaji hutokea pale programu moja inapoondoka na nyingine inapoingia bila habari ya makubaliano hayo. Fundi anayejua ni nani anayesoma diski katika kila hatua hana haja ya kubahatisha.

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyouzwa kwa jina moja. Mwaka 1988 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha makala ya kutetea wazo la kukusanya diski nyingi ndogo za bei nafuu ili zishindane na diski moja kubwa ya gharama. Wazo hilo ndilo lililoipa RAID jina lake, na baada yake zikaenea kadi za RAID za seva: kadi yenye prosesa yake, kumbukumbu yake, na zile za bei kubwa zina hata betri ya kuhifadhi data iliyokuwa njiani pindi umeme unapokatika. Kadi ya aina hiyo inahitaji draiva kama kifaa kingine chochote, lakini hesabu zote za kugawa na kuunganisha data huzifanya yenyewe, na diski zilizo nyuma yake hazionekani na mtu mwingine. Draiva ikikosekana, mfumo endeshi hauoni kitu. Hauoni hata diski mbili zilizoachana.

Kitu cha pili kilianza kuingia kwenye madabodi za watu wa kawaida kuelekea mwaka 2000, kwa chipu za Promise na HighPoint, na mwaka 2003 Intel wakakiweka ndani ya chipu yao ya ICH5R. Herufi ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikitofautisha yenye RAID na isiyo nayo. VIA, nVidia na AMD nao walikuwa na zao. Kwenye boksi paliandikwa RAID, na mnunuzi akaamini amepata kile cha seva kwa bei ya chakula cha mchana. Lakini chipu yenyewe ilikuwa kidhibiti cha kawaida cha diski. Hesabu zote hufanywa na prosesa kuu ya kompyuta kwa maelekezo ya draiva, na kumbukumbu ya kwamba diski hizi mbili ni kundi moja huandikwa kwenye diski zenyewe, katika sekta chache ambazo mtumiaji hazioni. Watu wa Linux waliita kitu hiki RAID bandia. Jina ni kali kidogo kuliko kinavyostahili, lakini lina ukweli, na ukweli huo ndio unaofafanua kila kitu kinachoharibika baadaye.

Tazama kinachotokea mashine inapowaka. Msomaji wa kwanza ni programu ndogo ya RAID iliyohifadhiwa kwenye chipu ya bayosi. Inasoma zile sekta, inatambua kundi, na kuanzia hapo yeyote anayeomba diski kwa kupitia bayosi anapewa kundi zima kama diski moja. Kipakiaji cha mfumo endeshi ni mtumiaji wa njia hiyo: kinaomba kupitia bayosi, kinapewa, kinapakia kiini cha mfumo kwenye RAM. Hadi hapa mambo ni mazuri. Kisha kiini kinaamka, na kiini cha kisasa hakitumii bayosi kusoma diski. Kinakwenda moja kwa moja kwenye kidhibiti kwa draiva zake. Hapo ni sawa na askari wa usiku aliyeondoka lindoni na funguo mfukoni: wa asubuhi amefika kwa wakati, ana sare, ana kitambulisho, na geti hawezi kulifungua. Kiini kisichokuwa na draiva ya RAID ya madabodi hiyo kitaona kidhibiti kisichokijua, au diski mbili zisizo na maana kwake. Kosa haliko kwenye diski wala kwenye kebo. Liko kwenye makabidhiano.

Wanaokumbuka enzi za Windows XP wana ushahidi wa hili usiopingika. Usakinishaji ulipoanza, skrini ya bluu ilionyesha chini kabisa, kwa sekunde chache tu, mstari uliomtaka mtumiaji abonyeze F6 ikiwa ana draiva ya SCSI au RAID ya mtengenezaji mwingine. Ukibonyeza, hakuna kilichoonekana kutokea. Programu iliendelea kupakia mafaili yake kana kwamba haikukusikia, na wengi walibonyeza tena na tena, au walizima wakaanza upya, wakidhani wamechelewa. Dakika kadhaa baadaye ndipo ilipouliza, ikataka ubonyeze S, kisha uweke flopi kwenye diski A. Ilikuwa lazima iwe flopi. CD haikukubaliwa, flashi haikukubaliwa, na visoma flopi vya USB vilivyokubaliwa vilikuwa vya aina chache mno. Ndani ya flopi hiyo lazima liwepo faili linaloitwa txtsetup.oem, na liwe kwenye ngazi ya juu kabisa. Likiwa ndani ya folda, kazi imekwisha. Ukishachagua draiva kwenye orodha, flopi ilitakiwa ibaki palepale, kwa sababu baadaye, wakati wa kunakili mafaili, programu iliisoma mara ya pili ili draiva iingie kwenye Windows itakayobaki kwenye diski.

Huko kusomwa mara mbili ndiko kunakonivutia. Mara ya kwanza draiva ilikuwa kwa ajili ya kisakinishi. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili ya mfumo utakaosakinishwa. Ni wasomaji wawili tofauti, na kila mmoja alihitaji kukabidhiwa ufunguo wake. Aliyeitoa flopi mapema alimwezesha wa kwanza na kumnyima wa pili, au aliukwamisha usakinishaji katikati. Na ikiwa draiva iliyoingia haikuwa ya kidhibiti kile hasa, mashine iliwaka upya, ikaonyesha nembo ya Windows kwa muda, halafu ikaanguka kwenye skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, ambayo maana yake ni kwamba diski ya kuwashia haifikiki. Mafundi wengi waliichukulia namba hiyo kama cheti cha kifo cha diski. Lakini fikiri: nembo ya Windows ilitoka wapi ikiwa diski imekufa? Ilisomwa kutoka kwenye diski hiyohiyo, na msomaji wa kwanza, aliyepitia bayosi. Mahali mashine ilipoangukia palikuwa panamtaja mhusika.

Vista ilipotoka mwaka 2007, adha ya flopi iliondoka. Kisakinishi kikapata kitufe cha kupakia draiva kutoka kwenye flashi au CD, na draiva iliyopakiwa hapo ikahamia yenyewe kwenye mfumo mpya. Windows 7 na zilizofuata zikaja zikiwa na draiva za RAID ya Intel tangu kiwandani, na kwa miaka kadhaa kizazi kipya cha mafundi kilikua bila kujua F6 ni nini katika muktadha huu. Kisha mwaka 2020 Intel wakatoa prosesa za kizazi cha 11 za kompyuta mpakato, nyingi zikiwa na teknolojia ya VMD imewashwa, ambayo huweka diski za NVMe nyuma ya kidhibiti kingine ndani ya prosesa yenyewe. Kisakinishi cha Windows 10 hakikuwa na draiva yake. Ukurasa mtupu ukarudi, mara hii hata kwenye mashine yenye diski moja ambayo mwenyewe hajawahi kuwaza RAID maishani mwake. Dawa ni ileile: pakua draiva ya Intel, ifungue iwe mafaili ya kawaida yenye lile la inf, weka kwenye flashi, bonyeza kitufe cha kupakia. Na kwa wanaopenda historia, vifurushi vya draiva hizo bado vilibeba katika majina yake f6 na kifupi cha flopi, kwenye mashine ambazo hazina hata tundu la CD.

Windows iliposisitiza kila mtengenezaji alete draiva yake, Linux ilichukua njia nyingine ambayo kwa maoni yangu ni ya kiungwana zaidi: ilijifunza kusoma yale maandishi yaliyoko kwenye diski. Programu ya dmraid, iliyoanza mwaka 2004, ilitambua miundo ya Intel, nVidia, Promise na wengine, na mdadm toleo la 3.0 la mwaka 2009 likaongeza uwezo wa kuendesha makundi ya Intel kama makundi yake. Hatari ya Linux kwa hiyo iko upande wa pili. Msomaji hakosi diski. Anaziona kupita kiasi. Kwenye orodha moja kutakuwa na sda, kutakuwa na sdb, na kutakuwa na jina refu linaloanza na isw chini ya dev/mapper, au kifaa cha md, ambalo ndilo kundi lenyewe. Asiyejua atachagua sda kwa kuwa ndilo jina alilolizoea. Usakinishaji utakwisha bila kulalamika. Mashine ikiwaka upya, bayosi bado inaamini kuna kundi, kipakiaji kinasoma kupitia kundi, kiini kinasoma diski moja, na kama kundi lilikuwa la kugawa data kwa zamu kati ya diski mbili, basi kile kilichoandikwa na kile kinachosomwa havifanani tena. Mtu atasema Linux ni mbovu. Linux ilifanya ilichoambiwa.

Kuna upande mwingine wa jambo hilohilo unaowahusu sana mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa barabara ya Luthuli, Nairobi, ambao diski nyingi zinazopita mikononi mwao zimewahi kufanya kazi kwenye ofisi za watu huko Ulaya au Ghuba. Diski iliyotoka kwenye kundi hubeba maandishi ya kundi hilo, na kwa muundo wa Intel, kama ilivyo kwa mingine mingi, maandishi hayo hukaa mwishoni kabisa mwa diski. Kuformati, hata kufuta patisheni zote, hushughulika zaidi na mwanzo. Hivyo diski inauzwa ikiwa safi machoni lakini ndani yake kuna dai kwamba ni nusu ya kitu ambacho nusu yake nyingine imebaki Hamburg au Dubai. Visakinishi vya Fedora na ndugu zake huliona dai hilo na kuikataa diski waziwazi, vikitoa maelezo kwamba ina alama za RAID ya bayosi lakini haimo kwenye kundi lolote linalotambulika. Windows inaweza kuipokea vizuri hadi siku mtu atakapowasha RAID kwenye madabodi, na bayosi ikatangaza kundi lililovunjika ambalo hakuna aliyeliunda. Amri ya wipefs, au kuirudisha diski kuwa ya kawaida kupitia menyu ya RAID yenyewe, humaliza jambo kwa sekunde. Lakini ni lazima ujue kwamba kuna kitu cha kufuta, na kuwa na uhakika kwamba hakuna data ya mtu humo.

Hapa mafundi wenzangu wana pingamizi, nalo lina nguvu: nadharia yote hii ya nini, ikiwa unaweza kuingia kwenye bayosi, ukatoa RAID, ukaweka AHCI, yaani hali ya kawaida isiyo na kundi, na diski ikaonekana papo hapo? Kwa mashine yenye diski moja, na isiyo na data ya kuokoa, wako sahihi kabisa. Kompyuta nyingi za ofisi za Dell, za mezani na mpakato, hutoka kiwandani hali ya diski ikiwa imewekwa kwenye RAID ingawa diski ni moja. Katika baadhi ya mashine za Intel zilizowekwa hivyo, diski ya NVMe huhamishiwa nyuma ya kidhibiti cha SATA na kufichika. Kiini cha Linux kinapokutana na hali hiyo hukiri wazi kwenye kumbukumbu zake kwamba kimekuta vifaa vya NVMe vilivyohamishwa, na kinamshauri mtumiaji aondoe RAID aweke AHCI. Kisakinishi cha Ubuntu nacho humwambia mtu azime teknolojia hiyo ya RAID ya Intel kabla ya kuendelea. Kama waandishi wa mfumo wenyewe wanashauri hivyo, mimi ni nani nikatae?

Tatizo la dawa hiyo ni kwamba inafanya kazi vizuri mno, kiasi cha kutumiwa hata mahali ambapo ni sumu. Kwenye mashine ambayo tayari ina Windows, kugeuza mpangilio huo ghafla huleta ile namba ya 7B, kwa kuwa Windows ilizoea kuwaka kwa draiva ya RAID na haikuandaa nyingine. Kuna njia ya kistaarabu: kuiamuru kwanza, kwa bcdedit, iwake katika hali salama, ndipo ugeuze bayosi, iwake mara moja ikiwa na draiva za msingi za diski, kisha uiondoe kwenye hali hiyo. Aliyefunga diski kwa BitLocker aandae ufunguo wake wa kurejesha kabla ya kugusa chochote. Kwenye kundi la kugawa data, kugeuza AHCI peke yake hakufuti kitu; ukirudisha, kundi linarudi. Kinachoua ni lile dirisha la Windows linalokuuliza kwa upole kama ungependa kuiandaa diski mpya iliyoonekana. Ukikubali, umeandika juu ya kipande cha data ya mteja. Na kwenye kundi la diski pacha hatari imejificha zaidi. Kila pacha, ikisomwa peke yake, ni diski kamili yenye kila kitu. Mashine itawaka kwenye AHCI, itatumika wiki nzima ikiandika kwenye pacha mmoja tu, kisha mtu akirudisha RAID, maandishi yaliyoko kwenye diski bado yanasema pacha hawa wanafanana. Bayosi itaonyesha kijani. Draiva inaweza kusoma mara huku mara kule, na mafaili yataanza kuharibika bila ujumbe wowote. Sijui hitilafu nyingine ya kompyuta inayoandaliwa kwa utulivu namna hii.

Pingamizi la pili ni la wenye haraka: mteja anasubiri, jaribu hiki, jaribu kile, kitakachokubali ndicho. Nalielewa, kwa sababu duka lina kodi ya kulipa. Lakini kubahatisha kwenye diski kuna tofauti na kubahatisha kwenye kioo au chaja, kwa kuwa kila jaribio linaandika kitu. Na kutazama kabla ya kujaribu hakuchukui muda mrefu. Ikiwa mashine haifiki hata kwenye kisakinishi, au inafika lakini baada ya usakinishaji haipati cha kuwashia, mshukiwa ni msomaji wa kwanza, yule wa kwenye chipu: pengine kundi liliundwa kwa hali ya zamani ya bayosi na flashi imewashwa kwa hali mpya ya UEFI, au kinyume chake. Madabodi nyingi zina programu mbili za RAID, moja ya kila hali, na ile isiyopakiwa haiwezi kukuonyesha kundi. Hapohapo ndipo panapohusika ukubwa: kundi linalozidi TiB 2 halitumiki lote kwa patisheni za mtindo wa MBR, na Windows haiwaki kutoka kwenye GPT bila UEFI. Ikiwa kisakinishi kimefunguka lakini ukurasa wa diski ni mtupu, msomaji wa pili hana draiva, na hakuna kebo itakayompatia. Ikiwa usakinishaji umekwisha vizuri na mfumo unaanguka unapowaka mara ya kwanza, basi msomaji wa tatu, yaani mfumo uliosakinishwa, amepewa draiva isiyo yake au hakupewa. Dalili tatu, sehemu tatu za kuangukia, na kwa kila moja kuna kitu kimoja au viwili vya kukagua. Huo si usomi. Ndiyo njia ya mkato yenyewe.

Lipo pingamizi la tatu, na hili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Watu husema: basi tuiache kabisa RAID ya madabodi, tutumie ya mfumo endeshi, mdadm kwenye Linux, kwa kuwa haitegemei chipu na diski zinahamishika hadi mashine nyingine yoyote. Kwa seva ya Linux mimi pia nasema hivyo. Lakini tusijifanye kwamba RAID ya madabodi haina inachokitatua. Msomaji wa kwanza, tulivyoona, yupo kabla ya mfumo endeshi, kwa hiyo diski moja ikifa, madabodi inajua kuwashia kutoka kwa pacha aliyebaki. RAID ya mfumo endeshi haina ujanja huo kwa urahisi: ile patisheni ndogo ya kuwashia ya UEFI husomwa na madabodi, nayo haijui mdadm ni nini, hivyo inabidi uiweke nakala kwenye diski zote mbili na ukumbuke kuzisasisha zote. Windows ya toleo la Home nayo haimpi mtumiaji njia ya kufanya diski yake ya kuwashia iwe pacha. Na anayetaka Windows na Linux zikae juu ya kundi moja hana makubaliano mengine ambayo pande zote mbili zinayasoma. Kwa mtu wa namna hiyo, diski pacha kwa RAID ya madabodi ni chaguo halali, mradi anajua kwamba amenunua makubaliano.

Nisichoweza kukitetea ni RAID 5 ya madabodi mahali penye umeme kama wetu. Muundo huo huandika data na hesabu yake ya ulinzi kwenye diski tofauti, na umeme ukikatika kati ya maandishi hayo mawili, hesabu haioani tena na data. Kadi ya seva yenye betri iliyohifadhi yaliyokuwa njiani huyamaliza umeme ukirudi. Madabodi haina betri hiyo. Anayeiweka Dar es Salaam, Goma au Kampala bila UPS anacheza, na UPS yenyewe si mbadala wa nakala rudufu. Diski pacha hufuta faili mara mbili ukilifuta mara moja, na kirusi cha kudai fidia hufunga pacha wote wawili kwa kasi ileile.

Betri iliyopo kwenye madabodi ni nyingine, ile ya duara ya CR2032, nayo ndiyo inayonifanya niwe mwangalifu na mashine za mitumba hata zilizosakinishwa vizuri. Katika nyingi, hasa zenye umri, ndiyo inayohifadhi mipangilio ya bayosi umeme unapokuwa umezimwa. Inapokwisha, saa inarudi nyuma miaka, na pamoja nayo hali ya diski inaweza kurudi kwenye ile ya kiwandani. Kama ya kiwandani ni AHCI, kundi lako limefunguliwa usiku mmoja bila mtu kugusa kitu, na asubuhi Windows inakutolea 7B au, vibaya zaidi, inawaka kutoka kwa pacha mmoja. Kusasisha bayosi kunaweza kuleta matokeo hayohayo. Kwa hiyo mteja akija na mashine iliyokuwa nzima jana na leo haioni mfumo, tazama tarehe ya kwenye bayosi kabla ya kutazama diski. Betri ni ya bei ndogo sana kulinganisha na data.

Na ukimfungia mtu mashine kwa RAID ya madabodi, andika kwenye karatasi hali ya diski iliyowekwa, kama ni UEFI au ile ya zamani, aina ya kundi, namba za diski na toleo la draiva, uibandike ndani ya kasha. Flashi yenye draiva hiyo mpe mwenye mashine aondoke nayo. Fundi atakayeifungua baada ya miaka mitatu huenda hatakuwa wewe.